Maombi ya mapema au ya kawaida? Kwanza nani analipa

Nipo Kidato cha Sita, Iringa, naomba vyuo vya Marekani. ED (Early Decision) na EA (Early Action), hizi njia mbili za kuomba mapema, zina tofauti gani, si zote za Novemba?

Tarehe zinafanana. Nyingi ni Novemba 1, majibu katikati ya Desemba. Ila EA ukikubaliwa unaruhusiwa kungoja majibu ya vyuo vingine mpaka Mei 1. ED ukikubaliwa umeshafunga ndoa, na maombi mengine yote unayaondoa. Ndiyo maana fomu yake inasainiwa na wewe, mzazi na mwalimu mshauri.

Naweza kuomba ED vyuo viwili nione kipi kitajibu vizuri?

Hapana. Nimelijibu hili mara tatu tangu Julai, lisirudi.

Mwalimu, ni kweli anayewahi kuomba ana nafasi kubwa zaidi?

Asilimia ni kubwa, lakini ndani yake wamo wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa na makocha, na watoto wa waliosoma hapohapo. Wewe mgeni unayehitaji ufadhili una foleni yako. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humchagua mwanafunzi wa nje bila kuangalia uwezo wa kulipa. Vingi vilivyobaki vinapima mfuko wako pamoja na alama zako. Na usijifanye huna shida ya ada ili upenye kwanza: vyuo vingi havimpi mgeni ufadhili ambao hakuuomba tangu mwanzo.

Desemba iliyopita mama mmoja muuza vitenge aliniwekea simu mezani. Ukurasa wa kwanza hongera, yenye rangi za chuo. Wa pili, mchango wa familia: dola 19,000. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama hiyo ni ya miaka yote minne. Ilikuwa ya mwaka mmoja. Binti alisaini ED kwa ushauri wa wakala aliyeshalipwa chake. Mlango wa kutokea upo, kwa kuwa ufadhili ukiwa hautoshi unaweza kujitoa, naye alijitoa. Lakini sikukuu yote alikesha akiandika insha za vyuo vinavyofunga mwanzoni mwa Januari. Kabla ya kusaini, iandikie ofisi ya ufadhili ya chuo, uulize wanawasaidiaje wanafunzi wa nje. Hawatozi hela kwa barua pepe.

Nafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, mwaka huu. Niombe mapema?

Novemba 1 utakuwa chumba cha mtihani. Kama insha hazijaisha Septemba, nenda na awamu ya kawaida. Ipo ED ya pili mwezi Januari, lakini kifungo ni kilekile.

Nikiomba Yale mapema, siruhusiwi kuomba kwingine?

Yale, Harvard, Princeton na Stanford zinakuzuia kuomba mapema vyuo binafsi vingine vya Marekani. Vya umma na vya nje ya Marekani, ruksa. Omba na cha nyumbani.

Saa ya mwisho ni ya kwao au ya kwetu?

Kwenye Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, ni ya hapo ulipo, saa 5:59 usiku. Wewe tuma mchana. Umeme ukikatika hakuna wa kumlalamikia.

Wakala ameniomba neno la siri la akaunti yangu, nimempa. Kuna tatizo?

Libadilishe sasa hivi. Kisha ingia mwenyewe uone amekujazia nini pale wanapouliza kama unahitaji ufadhili.