Upepo wa tairi kwenye Land Cruiser: namba ya ubavuni siyo ya kujazia

Wiki hii kuna dada wa Dar kaniandikia inboksi, kanunua Land Cruiser V8 na likizo hii anataka kuwapeleka watoto Ngorongoro na Ndutu. Swali lake fupi tu, "kaka niweke upepo ngapi?" Anasema kashauliza mafundi, mmoja kamwambia psi 30 (psi ndiyo kipimo cha upepo wa tairi), mwingine 40, na wa mwisho kainama akasoma ubavuni mwa tairi akamwambia mama jaza 51, safari yako ndefu hiyo. Nilivyosoma hapo kwa yule wa mwisho damu ikanichemka, nikasema hii siyo ya kujibu inboksi, hii niandike wasome wote.

Ile namba iliyochorwa ubavuni ni kikomo. Maana yake tairi hilo lisivuke hapo, basi. Kiwanda cha tairi hakijui tairi litafungwa kwenye gari gani wala gari litabeba nini, kingekuambiaje ujaze ngapi? Namba ya kuanzia ipo kwenye stika, fungua mlango wa dereva angalia kwenye nguzo ya mlango, pale utakuta ya mbele na ya nyuma, na hiyo ni kwa tairi saizi ya kiwandani na likiwa la baridi. Wengi wana gari mwaka wa nne hawajawahi kuisoma.

Mimi hii ishu naijua kwa maumivu. Nilikuwa nimeajiriwa kampuni moja ya safari pale Arusha, tunaendesha zile Cruiser mkonga, zenye bomba la hewa lililosimama kama mkonga wa tembo, zilizorefushwa, wageni sita, matangi mawili ya dizeli full, maji, lanchi boksi, mabegi nyuma. Fundi wa yadi kila alfajiri anapita na mpira wa kompresa anajaza 60 tairi zote, mbele nyuma, hapimi mzigo wala haulizi unaenda wapi. Nikasema jamani hizi zimezidi, gari linadunda, breki hazishiki vizuri kwenye changarawe. Nikajibiwa wewe kazi yako usukani, upepo tuachie sisi. Haya. Tukatoka Ngorongoro tunaenda Naabi, geti la Serengeti, ile barabara ya rafu yenye mikunjo kama bati, mawe yamechongoka, tairi la nyuma likachanika juu ya jiwe na wageni ndani. Tairi likijaa kupita kiasi linakuwa gumu, likikutana na jiwe halibonyei likalimeza, jiwe ndo linaingia. Nikaeleza yote hayo ofisini. Nikakatwa mshahara bei ya tairi jipya, fundi wa yadi hakuulizwa hata neno. Mpaka leo ikinijia usiku sipati usingizi.

Basi nikanunua geji yangu mwenyewe ya kupimia upepo, ndogo tu ya mkononi, na kuanzia hapo hakuna mtu anagusa tairi ninaloendesha bila mimi kupima kabla na baada. Na ukipima mwenyewe utagundua geji za vijiweni zinapishana sana, mmoja anakuambia 35 ukipima yako 41. Pima asubuhi, gari limelala, halijatembea. Ukishatembea tairi linapata moto na upepo unapanda, usione 40 mchana ukasema imezidi ukapunguza, kesho asubuhi utakuwa umebaki na 34 na mzigo ule ule.

Huko kupanda ndiko kulikonifundisha. Unapima asubuhi, unatembea kama saa moja unasimama unapima tena. Ikipanda psi 4 mpaka 6 hivi uko sawa kwa mzigo wako na spidi yako. Ikipanda zaidi ya hapo tairi lina kazi kubwa, ulianza na upepo mdogo au umebeba sana au unakimbia sana, na tairi likipata moto hivyo kwenye lami ndo yale mapasuko ya ghafla tunayoyaona barabara kubwa. Isipopanda kabisa ujue umejaza mno. Hakuna fundi wa kukupa hiyo namba, gari lako lenyewe linakuambia.

Sasa nina gari langu, namshukuru Mungu. Mwezi uliopita nilikuwa na wageni Natron, njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engaresero, wanaoijua wanaijua, kuna sehemu ni majivu ya volkano laini kabisa na mbele kidogo mawe. Nimefika nakuta gari limezama mpaka eksoli, dereva anakanyaga tu mafuta linazidi kushuka. Nikasimama pembeni kwenye udongo mgumu, nikashusha langu mpaka 20 nyuma na 18 mbele, nikaweka four wheel low, ile gia nzito ya magurudumu yote manne, nikapita pale pale pembeni yake taratibu bila kusimama. Tairi likipungua upepo linalala, alama yake chini inarefuka, uzito wa gari unasambaa, halichimbi. Nikarudi kwa miguu. Dereva anatokea kampuni ile ile iliyonikata mshahara! Nikampima tairi zake, zote 55 na zaidi. Tukazishusha wote wawili, tukachimba kidogo mbele ya matairi, akatoka mwenyewe bila kamba. Wageni wake wakapiga makofi. Akaniuliza geji nimenunua wapi. Niseme ukweli nilifurahi sana siku ile, na sioni aibu kusema.

Na siyo mimi nimegundua hili. Ndugu zetu walioko Oman wakienda mchanga wa Sharqiya kule Bidiya wanashusha mpaka 15 na chini kabla hawajakanyaga mchanga, na wakitoka wanajaza tena, kwao ni kitu cha kawaida kama kufunga mkanda. Huku kwetu ukishusha upepo watu wanakuangalia kama umechanganyikiwa.

Lakini sikilizeni na upande wa pili, maana najua kuna mtu atasoma hapa atashusha halafu akimbie. Upepo ukishuka spidi inashuka, hivyo vitu viwili vinaenda pamoja. Kwenye psi 18 usizidi kilomita 30 au 40 kwa saa na usikate kona kwa nguvu, tairi litachomoka kwenye rimu. Kwenye rafu ukipunguza kama robo ya upepo wa lami, nenda 50, 60 inatosha, na Serengeti yenyewe sheria ni 50. Dereva mwenzangu, nyuma yako kuna roho za watu, kuna mama wa mtu, na wao hawajui tairi lina ngapi, wamekuamini wewe. Huwezi kuwaambia ofisi ndo ilijaza. Inama upime. Kila asubuhi, hata ukichelewa, hata bosi akinuna.

Haya dada yangu, tuje kwako. V8 nyingi nilizokutana nazo stika inasoma 33 hivi, wewe soma ya kwako uifuate, na ukiwa na watoto na mizigo nyuma ongeza ya nyuma ifike 36, 37. Kama aliyekuuzia alibadilisha akaweka tairi nzito za LT, zile za kazi, zinataka upepo zaidi kidogo kubeba uzito ule ule, anzia 38 halafu fanya kile kipimo cha saa moja nilichosema. Hizo ni za lami mpaka Karatu. Usishtuke ukipima asubuhi kule juu ukingo wa kreta ukakuta namba imecheza, pale ni kama mita 2,300, hewa ya nje ni nyepesi kuliko Dar kwa hiyo geji inasoma juu kama psi 3, ila baridi nayo inashusha, mara nyingi zinakaribia kufutana. Acha kama zilivyo.

Ukishaingia rafu ya kuelekea Ndutu shusha mpaka 27, 28, utaona hata watoto wanaacha kulalamika. Ukikuta mchanga mzito shusha 20. Ikiwa mvua imenyesha na ule udongo mweusi umeloa, usiingie peke yako kabisa, hapo upepo hautakuokoa.

Nunua kompresa ndogo ya volti 12, na chukua ile ya kubana kwenye betri, ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari inaunguza fyuzi na tairi za V8 ni kubwa. Kujaza tairi zote inachukua muda, watoto wanywe soda. Jaza kabla hujashika lami na mwendo mkubwa. Kama kompresa huna, toka geti la Lodoare, lile la kuingilia Ngorongoro, kwa spidi ya 40 taratibu mpaka Karatu, mafundi tairi wapo kibao barabarani, ila geji toa ya kwako.