Nikisoma naelewa, semina ikianza nanyamaza

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili hapa Mwanza, nasoma masuala ya mazingira, nimepanga Malimbe. Kiingereza cha kusoma hakinisumbui sana. Ila kwenye semina nikisema sentensi mbili nimekwama, na asainmenti zinarudi na wino mwekundu: "sijaelewa", "fafanua". Nimemaliza kitabu kizima cha sarufi, hali ni ile ile. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kitabu hicho kipumzishe kwanza. Kwenye ngazi sita za lugha wanazotumia Ulaya, kuanzia A1 hadi C2, naona unabisha hodi B2. Mtu wa B2 hufuata mjadala mgumu wa fani yake, hutoa maoni na kuyatetea, akaeleza uzuri na ubaya wa kila upande. Kutetea hoja ndiko unakokwamia, na huko sarufi peke yake haikufikishi.

Nakwambia jambo lililonipata. Mimi ni mtoto wa Ukerewe, nimesoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, kama wewe. Siku moja chuoni mhadhiri akaniuliza kama nakubaliana na mwenzangu aliyemaliza kuzungumza. Moyoni nilikuwa na "kwa upande mmoja ndiyo, ila...". Mdomoni likatoka "Yes", nikakaa. Iliniuma wiki nzima, kwa sababu sikuwa nimekubaliana naye hata kidogo.

Kilichonifungua ni kurudia. Jioni chukua mada ya mhadhara wa siku hiyo, uandike maneno matano tu kwenye kikaratasi, usiandike sentensi. Mweleze mwenzako wa chumba kwa dakika nne. Kisha tafuta mwingine, mweleze jambo lile lile kwa dakika tatu. Wa mwisho, dakika mbili. Mara ya kwanza utababaika, utatafuta maneno hewani. Mara ya tatu ulimi umeshaijua njia. Ukikosa watu, jirekodi kwenye simu halafu ujisikilize, hata kama sauti yako inakuchukiza. Na mada ikiwa ngumu, ijadilini kwanza kwa Kiswahili mpaka ieleweke. Wapo wanaokataza Kiswahili kwenye vikundi vya kujisomea. Sikubaliani nao, maana usichokielewa huwezi kukitetea kwa lugha yoyote.

Sasa wino mwekundu. Tuchukue ziwa letu la Victoria, maana ndiyo fani yako. Mwanafunzi anaandika kwamba sangara, yule samaki mkubwa anayekula wenzake, alimaliza furu wote, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa hili. Msahihishaji anajiuliza: wote? Sangara peke yake? Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, na furu wakapungua mno miaka ya 1980. Lakini uvuvi uliokithiri na maji kuchafuka navyo vina mkono wake, na zipo aina za furu zinazovuliwa hadi leo. Kwa hiyo "finished all" ifute, uandike "contributed to the decline of many". Sarufi ya sentensi ya kwanza haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa dai kubwa kuliko ushahidi, na hapo ndipo Kiingereza cha chuo kinapopimwa. Pitia asainmenti yako ya mwisho, piga mstari chini ya kila "wote", "daima" na "kabisa", kisha ujiulize unayo hakika gani.

Kuna kosa moja la kwetu ambalo ni la sarufi kweli. Tumezoea kusema "jana nimeenda Kirumba". Kiingereza kikishataja jana hakitaki "have gone", kinataka "went". Litazame hilo unaposahihisha kazi yako.

Kwenye mhadhara, usihangaike kunakili kila neno. Tega sikio kwenye "however" na "on the other hand". Mara nyingi msimamo wa mhadhiri huja baada ya hapo.

Semina ijayo ingia na sentensi moja uliyoitamka nyumbani mara kumi: "I agree up to a point, but". Iseme mapema, kabla watu watatu hawajazungumza, maana ukichelewa hoja yako itasemwa na mwingine. Baada ya wiki sita niandikie tena, unieleze ulichosema baada ya hiyo "but".