Mume wangu bado yuko lindoni

SWALI: Mume wangu ni mwanajeshi mstaafu, alikwenda Kongo na kikosi cha kulinda amani. Usiku anaweweseka. Juzi nilipomgusa nimwamshe alinikaba shingo, kisha akalia. Analala na panga chini ya kitanda. Ndugu zake wanasema ni shetani, apungwe. Nifanyeje?
Mama Watoto, Ngamiani, Tanga

JIBU: Pole sana, dada. Mumeo hakukusudia kukuumiza. Kule mashariki mwa Kongo, ambako Desemba 2017 askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja la Semuliki, kushtuka upesi ndiko kunakomponya mtu. Mwili ukishazoea hivyo, haujui kwamba lindo limekwisha. Hicho ni kiwewe cha vita. Dalili zikizidi mwezi mmoja zinataka matibabu.

Anza usiku wa leo. Akiweweseka usimguse. Simama miguuni pa kitanda, mbali na mikono yake, washa taa, mwite jina lake mpaka aitike, ndipo umwambie: "Uko nyumbani, Ngamiani. Ni mimi." Panga litoke chumbani, ila mchana na kwa kukubaliana, ukilificha kwa siri atalitafuta gizani, na hofu itazidi.

Kisha nendeni hospitali ya Bombo, hapo Tanga. Wiki nzima kabla ya hapo andika kwenye daftari saa anayolala, anayoshtuka, na siku alizokunywa pombe. Pombe humlaza haraka, lakini ikianza kumtoka usiku wa manane jinamizi hurudi kwa nguvu. Daktari aambiwe pia kama aliwahi kurushwa na mlipuko au kuzirai, maana jeraha la kichwa nalo huleta hasira na kusahau.

Tiba kuu ni mazungumzo na mtaalamu, kulikabili tukio kidogo kidogo, mara nyingi vikao 8 hadi 15. Akiandikiwa sertraline, dawa ya sonona inayotumika pia kwa kiwewe, ajue si dawa ya usingizi: nafuu huja baada ya wiki 4 hadi 6. Wengi huharibu hapa. Wiki ya kwanza tumbo linachafuka, wanaacha. Asiache ghafla bila daktari.

Ndugu wakitaka kumsomea dua, wamsomee. Ngoma za kukesha hapana. Kukosa usingizi kutamzidishia.

Na umuulize waziwazi kama anawaza kujiua. Swali hilo halimtii wazo jipya. Akikubali, asiachwe peke yake hata kidogo, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.