Jiko la uani: kwanza uliza upepo

Maswali ya wiki hii karibu yote yanatoka uani. Nimechagua sita.

Nina uwanja wa mita 8 kwa 6 nyuma ya nyumba, Kigamboni. Fundi ananiambia nichague pembe yoyote. Jiko nilikalishe wapi?

Huyo fundi hatakaa kwenye moshi, dada, atakayekaa ni wewe. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kusi huvuma kuanzia Aprili hivi mpaka Septemba ikitokea kusini na kusini-mashariki. Kaskazi hushika Desemba mpaka Machi ikitokea kaskazini-mashariki. Kwa hiyo jiko likiwa mashariki mwa nyumba, moshi utaingia madirishani karibu mwaka mzima. Lipeleke magharibi.

La kwangu la kwanza nililijenga kusini kwa sababu ya kivuli cha mwembe. Juni ilipoingia, mashuka kwenye kamba yakawa yananuka dagaa wa kukaanga, na mama akahamia chumba cha mbele bila kusema neno. Kulihamisha banda lile kulinigharimu kuliko kulijenga.

Kabla hujanunua tofali hata moja, washa jiko la mkaa pale unapopafikiria, tupia kumbi bichi la nazi litoe moshi, kisha tazama. Fanya hivyo alfajiri, saa nane mchana na saa moja usiku. Alfajiri utaona moshi umegeuka kuelekea baharini, maana saa hizo upepo mara nyingi hutoka bara. Kama unachoma maandazi ya biashara, hilo lihesabu. Na usisahau kwamba magharibi yako ni mashariki ya jirani: dohani ipite juu ya paa la banda, isiishie chini ya bati.

Nimebakiwa na mawe ya matumbawe ya msingi, hapa Tanga. Yanafaa kujengea mafiga na tanuri?

Kwa ukuta wa banda, yanafaa sana. Pale moto unapogusa, hapana. Mzee wangu, chokaa si tunaipata kwa kulichoma jiwe hilohilo? Ukilipikia kila siku litaanza kutoa unga mweupe na kumomonyoka, na likishika moto huku limelowa mvua linaweza kupasuka kwa kishindo. Tafuta matofali ya udongo ya kuchoma, uyaunge kwa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga. Saruji haivumilii joto kali, utaiona ina nyufa. Mchanga nao usichotwe ufukweni, chumvi yake itakula nondo za meza yako ya zege.

Mume wangu anataka mtungi wa kilo 15 ufichwe kwenye kabati chini ya kaunta, mlango ufungwe, papendeze. Mimi naogopa.

Una haki ya kuogopa, mwanangu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai kama moshi; inashuka, inajaa chini ya kabati kama maji kwenye beseni, na hapo inangoja cheche. Kabati likiwa lazima, litobolewe matundu usawa wa sakafu yanayotazama nje, na mengine juu.

Mimi ningeutoa kabisa: mtungi ukae upande wa pili wa ukuta, wima, kivulini, ndani ya kizimba cha nondo chenye kufuli kama mnahofia wezi. Gesi ipite ukutani kwa bomba la shaba, si kwa mpira. Magunia ya mkaa yasiwe jirani nao. Kila mkibadilisha mtungi, pakeni povu la sabuni kwenye maungio. Likifanya mapovu, fungeni. Kuna fundi nilimwona akitafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Sikungoja kuona matokeo.

Makuti au bati?

Makuti yana ubaridi na uzuri wake, lakini cheche moja ya kuni inatosha. Kama utapika kwa kuni au mkaa, ezeka bati, liinue futi 9 au zaidi, na mabati yatokeze kama sentimita 80 mvua ya masika isikufuate. Makuti yaezekee pale mnapokaa kula.

Kaunta iwe na kimo gani? Mimi mrefu, mama mkwe mfupi, na sote tunapika.

Mafundi wengi watakwambia sentimita 90 bila kukutazama. Simama wima, kunja mkono, pima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni, kisha toa sentimita 10 hadi 15. Kipimo hicho ni cha kukatia na kuchambulia, na kaunta moja inaweza kuwa na ngazi mbili.

Ila nusu ya kazi zetu hufanyika chini. Sufuria la pilau la watu 50 ukilipandisha kwenye kaunta, nani atafikisha mwiko kwenye ukoko? Mafiga ya shughuli yabaki chini. Mama mkwe mwachie kona yenye kivuli ya mbuzi ya kukunia nazi, na kinu kikae kwenye zege la kawaida. Nyumba moja waliweka vigae vinavyong'aa uani kote. Kisamvu cha kwanza tu kilivunja vitatu.

Mimi ni mpangaji, uani ni pa wote. Nifanyeje?

Usijenge. Mpe fundi wa kuchomelea kazi ya meza ya chuma yenye magurudumu, kikinga upepo cha bati pande tatu, na ndoano za kutundikia upawa na miiko. Ukihama, unahama nayo. Kubalianeni na wenzako siku za kufua kabla hujaanza kukaanga samaki. Na mvua ikikukuta katikati ya mapishi, ingiza sufuria, jiko la mkaa liache nje hata kama lina moto mzuri: mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na chumba kimoja kilichofungwa hujaa upesi.