Maswali Yenu: Nimeokoka, Mbona Kichwani Bado Niko Vilevile?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Toka tulipoongelea Warumi 12, ule mstari wa pili unaosema "Wala msiifuatishe namna ya dunia hii, bali mgeuzwe kwa kufanywa upya nia zenu", maswali yamekuja mengi na karibu yote yanazunguka palepale, mtu ameokoka, ibadani anaenda, sadaka anatoa, lakini mawazo yake na hasira zake na tamaa zake ni zilezile. Nimechagua machache nijibu, majina nimeyatoa, yanayofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo mwalimu. Nimeokoka toka nikiwa form three, saivi nina miaka 24, naimba kwaya. Usiku nikibaki na simu naangalia video za ngono, nalia, natubu, siku kadhaa zikipita narudi tena. Je mi sijaokoka kweli? (Kijana, Mbagala)

Marahaba mwanangu. Hayo machozi usiyadharau, manake aliyekufa ndani haumii, anaangalia anazima simu analala usingizi mzuri kabisa. Paulo mwenyewe kwenye Warumi 7 anaandika "lile jema nilipendalo, silitendi, bali lile baya nisilolipenda ndilo nilitendalo", na huyo ni mtume. Lakini ona kwamba hakuishia hapo, ukigeuza ukurasa unakuta sura ya 8 inaanza na hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu, alafu anaendelea kuongea kuhusu kuyafikiri mambo ya Roho. Vijana wengi mnaijua sura ya 7 kwa kichwa, mnaitumia kujifariji, ya 8 hamjaifika.

Sasa nikwambie ninachokiona kwa vijana wengi ninaokaa nao. Mnapigana na dhambi saa saba usiku wakati mlishashindwa saa nne, pale ulipoingia kitandani na simu, chaji imejaa, bando la usiku umeshanunua, mlango umefunga. Hapo unaomba Mungu akuokoe na kitu ulichokiandalia mazingira mwenyewe. Yupo Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste ambayo saivi iko Algeria, yeye alihangaika na uzinzi miaka mingi, akili kubwa alikuwa nayo, msomi, lakini hilo lilimshinda. Mwaka 386 akiwa Milano, bustanini, akafungua barua kwa Warumi akakutana na sura ya 13, "Bali mvaeni Bwana Yesu Kristo, wala msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake", na maisha yake yakageuka kuanzia siku hiyo. Cha kukutia moyo ni kwamba miaka kadhaa baadaye, ameshakuwa askofu, bado aliandika wazi kwamba picha za zamani zinamrudia ndotoni. Aligeuzwa kweli, na bado akaendelea kufanywa upya, vyote viwili ni kweli kwa mtu yuleyule.

Kwa hiyo usiwashe. Simu ilale sebuleni, na usiniambie unaihitaji kwa alamu, saa ya alamu pale Kariakoo ni hela ya kawaida tu. Tafuta mtu mmoja, mzee wa kanisa au kaka unayemheshimu, mwambie, Yakobo 5:16 inasema ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi mpate kuponywa, mtu mmoja anatosha, sio kwaya nzima. Na hiyo nafasi usiiache tupu, shika Zaburi 119 kidogokidogo kwa moyo, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, Nisije nikakutenda dhambi", ili saa ile ubongo unapotafuta kitu ukute kitu kingine kimekaa pale. Na la mwisho, hao wasichana kwenye video ni mabinti za watu, wengine wamelazimishwa au wamesukumwa na shida, nia ikianza kufanywa upya utaanza kuwaona hivyo na ile hamu itaanza kukuuma badala ya kukuvuta. Ukianguka, inuka asubuhi hiyohiyo, nenda mazoezi ya kwaya, usikae nje ya kanisa wiki tatu ukijiadhibu, damu ya Yesu ndiyo inayosafisha, adhabu yako haisafishi chochote.

Nauza kwenye duka la vitambaa Kariakoo, nimeajiriwa. Bosi anataka mteja akinunua cha laki mbili risiti niandike elfu themanini, wateja wengine wenyewe ndio wanaomba hivyo. Alafu kupima kitambaa kuna namna ya kukivuta kwenye mita ili kipungue. Nikikataa kazi sina, nina watoto wawili. Mungu si anaelewa? (Dada, Buguruni)

Dada yangu, Mungu anaelewa sana, ndio maana aliliongelea hili mapema kuliko unavyodhani. Fungua Walawi 19. Inaanza na utakatifu, Mungu anawaambia Israeli wawe watakatifu kwa sababu yeye ni mtakatifu, na ukisoma kwa akili zetu za kanisani unategemea ifuate mifungo na nyimbo. Badala yake inakuja habari ya kumwachia maskini masazo ya shambani, kutomwibia jirani, mshahara wa kibarua usilale kwako mpaka asubuhi, usimlaani kiziwi, na mwishoni mstari wa 35 na 36 ni vipimo, urefu, uzani, ujazo, mizani za haki. Urefu dada yangu! Mita yako ya Kariakoo imo kwenye Biblia, imo ndani ya sura ya utakatifu.

Kwa hiyo kuvuta kitambaa acha leo, hiyo wala bosi hawezi kukukagua mkono, pima sawasawa. Yule mama anayetoka Chanika kununua kitambaa cha sare ya harusi, akifika kwa fundi anaambiwa kimepungua, umemwibia hela na siku.

Risiti ni ngumu zaidi kwa sababu anayeamua ni bosi wako, na sitaki kukuambia kirahisi acha kazi wakati mi sio ntakayelipa kodi yako ya chumba. Ila usijidanganye kwamba ni kitu kidogo, huko ni kukwepa kodi, na Warumi 13:7 inasema wapeni wote haki zao, mtu wa kodi kodi, na ni barua ileile, ni sura inayofuata tu baada ya hiyo ya nia mpya, Paulo hakuona aibu kutoka kwenye nia kwenda kwenye kodi. Aliwaandikia watu wa Roma ambao serikali yao ilikuwa ya wapagani. Ongea na bosi kwa heshima, mkiwa wawili, mwambie nitakuuzia kwa bidii zote lakini risiti naomba niandike bei halisi, na muonyeshe kwa kazi yako kwamba muuzaji asiyemwibia mteja hatamwibia na yeye, mabosi wa Kariakoo wanalia sana na wauzaji wanaowaibia, hiyo ni faida anayoielewa. Akikataa, anza kutafuta pengine huku ukiomba, waambie na wenzako kanisani wazi kwamba unatafuta kazi kwa sababu hii. Na hapa naongea na makanisa pia, dada kama huyu akipoteza kazi kwa ajili ya dhamiri yake halafu sisi tukamwambia tu "tunakuombea", tumemtupa. Kuna kikoba, kuna washarika wenye maduka, ashikwe mkono.

Mwalimu, kuvaa suruali kwa mwanamke ni dhambi? (Wengi mmeuliza)

Vaa kwa adabu, usimkwaze mwenzako makusudi, na heshimu utaratibu wa kanisa lako ukiwa pale. Nimejibu kwa kifupi kwa sababu naona tunatumia nguvu nyingi sana kwenye mavazi ya dada zetu kuliko kwenye ndimi zetu, na Yakobo aliandika sehemu kubwa ya sura ya 3 kuhusu ulimi.

Nina hasira mbaya sana. Nimeombewa, nimekesha, nimepakwa mafuta, nikirudi nyumbani namfokea dada wa kazi mpaka majirani wanasikia, baadaye najuta. Ni roho gani hii? (Mama, Kimara)

Mama yangu, sipingi maombi, endelea kuombewa. Lakini kabla ya kutafuta jina la roho naomba nikuulize vitu vya kawaida. Unaamka saa kumi, unapanda gari saa kumi na moja ili uwahi mjini, unarudi saa mbili usiku umesimama kwenye mwendokasi njia nzima, hujala. Hiyo hasira inamshukia nani? Bosi wako huwezi kumfokea, dereva huwezi, mume labda unamwogopa, inamshukia binti wa miaka 18 aliyetoka kijijini ambaye hana pa kukimbilia. Ukijiuliza kwa nini hasira inajua kuchagua mtu wa kumwangukia, utaona kwamba sehemu fulani unaweza kuitawala, kwa bosi unaitawala kila siku.

Waefeso 4 inaongea kwa mtiririko huo, vueni utu wa zamani, mfanywe wapya katika roho ya nia zenu, mvae utu mpya, na papo hapo inashuka chini kabisa, acheni uongo, jua lisichwe na uchungu wenu haujawatoka, mwizi asiibe tena, uchungu na ghadhabu na kelele na matukano yaondoke. Kelele zimetajwa mama. Na kila anapovua kitu Paulo anavalisha kingine, aliyekuwa anaiba afanye kazi ili apate cha kumpa mhitaji, waliokuwa na uchungu wawe wafadhili, wenye huruma, wakisameheana.

Ufanye hivi. Ukishuka kituoni usiingie ndani na hiyo hali, simama dakika chache, pumua, omba kwa maneno mafupi, "Bwana, yule ndani ni mtoto wako." Ukishamfokea usisubiri ibada ya Jumapili kutubu kwa Mungu peke yake, mwite jioni hiyohiyo, mwambie nimekukosea binti yangu, nisamehe. Najua kwetu mkubwa kumwomba radhi mdogo, tena mfanyakazi, ni kitu kigumu kumeza, lakini hapo ndipo mtu mpya anazaliwa mbele ya macho ya watoto wako. Na mshahara wake mlipe tarehe uliyoahidi, sio "subiri mwezi ujao", tumeshaona Walawi inasema nini. Apumzike Jumapili na yeye aende kusali.

Tumeokolewa kwa neema sio kwa matendo, Waefeso 2:8. Sasa nyie mnaotuhubiria utakatifu si mnaturudisha kwenye sheria? (Kaka, Sinza)

Kaka yangu, umeishia mstari wa 8, naomba usome na wa 9 na wa 10. Wa 9 unakuunga mkono, wala si kwa matendo mtu awaye yote asije akajisifu, wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mti wa embe hauzai ili upate kuwa mwembe, unazaa kwa sababu ni mwembe, ila ukikaa miaka kumi bila hata ua moja lazima mwenye shamba aulize maswali. Na Tito 2:11 na 12 ndiyo inayonigusa zaidi, neema yenyewe ndiyo inayotufundisha kukataa ubaya na tamaa za kidunia. Kwa hiyo neema isiyokufundisha kukataa chochote, inayokuacha na mchepuko wako Mwenge na uongo wako kazini na amani tele moyoni, hiyo sio ile aliyoiandika Paulo. Swali lako aliulizwa na yeye, Warumi 6, tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Akajibu, hasha!

Na angalia Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19. Yesu hakumwambia rudisha hela kwanza ndio nije kula kwako. Aliingia nyumbani kwake akiwa bado fisadi, na neema ilipokaa mezani ndipo mwenyewe akasimama akasema nusu ya mali nawapa maskini, niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakuna aliyemlazimisha.

Kubeti ni dhambi? Naweka buku tu, tena serikali imeruhusu. (Bodaboda, Tegeta)

Mdogo wangu, serikali imeruhusu kweli kwa mwenye miaka 18 na kuendelea. Paulo anasema vitu vyote ni halali kwangu lakini si vyote vifaavyo, na hatatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote. Jipime hapo. Mwezi mmoja usiweke hata buku, uone kama unaweza kukaa kijiweni mechi zinachezwa na huna mkeka wa kubeti. Ukishindwa basi sio buku tu tena, umeshashikwa. Na hela unayoitegemea kutoka kwenye mkeka inatoka kwenye mifuko ya bodaboda wenzako walioliwa, hiyo naona haiendani na kumpenda jirani kama nafsi yako. Mi ningeacha, na hizo buku zikae kwenye laini uzione zinavyokua.

Nataka kusoma Neno lakini muda sina, natoka nyumbani giza narudi giza. (Dada, Gongo la Mboto)

Muda wa kwenye gari unao dada yangu, na simu unayo. Biblia ya Kiswahili ya kusikiliza ipo, pakua kwa wi-fi ya ofisini kama wanaruhusu ili isile bando, weka spika za masikioni, sikiliza sura moja tu asubuhi, irudie hiyohiyo jioni. Usianze na Mwanzo ukafia kwenye Walawi, anza na Waefeso, ni sura sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, wiki inayofuata rudia tena hiyohiyo. Ukifika sura ya 4 niandikie ni mstari gani umekukamata, tutauongelea hapahapa.