Kumpita majeruhi asiyepumua
Je, wahudumu wa ambulansi waliompita majeruhi aliyekuwa hapumui na kumshughulikia mwingine walikosea kimaadili? Hapana, mradi majeruhi walikuwa wengi kuliko mikono iliyokuwepo. Katika START, utaratibu wa kupanga haraka nani ahudumiwe kwanza, ulioanzishwa California mwaka 1983 na unaofundishwa katika nchi nyingi, mhudumu humfungulia asiyepumua njia ya hewa. Akianza kupumua hupewa kadi nyekundu, yaani huwahishwa kwanza, na asipoanza hupewa nyeusi, yaani huachwa, kwa sababu kumkandamiza kifua kungewashika wahudumu wote wawili wa gari huku jirani yake akivuja damu ambayo kitambaa kilichokazwa vizuri kingeizuia. Anayepiga kelele kuliko wote mara nyingi anaweza kusubiri, kwani angalau anapumua. Hayo hayahusu ajali yenye majeruhi mmoja, ambapo jitihada za kumrudisha huanza papo hapo. Mtoto asiyepumua lakini mwenye mapigo ya moyo hupuliziwa kwanza pumzi tano, na wakipigwa watu wengi na radi, wasiopumua ndio hutangulizwa, maana nafasi yao ya kuokolewa ni nzuri.