Anza na Lile Unaloweza Kulihakiki

Sisi Wakristo wa Pemba tu wachache, na makanisa yetu yanahesabika, kwa hiyo si ajabu kwamba mahubiri mengi tunayoyasikia katikati ya wiki hutufikia kwa simu. Sioni ubaya wa jambo hilo, wala sijawahi kumshauri kijana yeyote wa kanisani kwetu azime data. Ninachowashauri ni kwamba, kabla ya kumwamini mhubiri katika yale wasiyoweza kuyahakiki, yaani maono yake, ndoto zake na miujiza yake, wampime kwanza katika lile wanaloweza kulihakiki wao wenyewe.

Pemba yenyewe ni kipimo kizuri. Wako wahubiri wa mitandaoni ambao hawamalizi somo juu ya nguvu za giza bila kuyataja majini ya Pemba, utadhani kila anayeshuka bandarini Mkoani amekuja kutafuta uganga. Niliwahi kusikiliza ushuhuda wa mtu aliyedai kwamba alitembea siku tatu mchana na usiku ndani ya msitu wa kisiwa hiki hadi akafika kwa mwalimu wake wa uchawi. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 67 hivi na upana usiozidi kilomita 23, na msitu wa Ngezi uko pembeni kabisa kaskazini. Mtu akienda siku tatu bila kupumzika atakuwa ameshaingia baharini zamani. Waliomsikiliza kutoka bara hawakuwa na namna ya kuligundua hilo, lakini sisi tunayo, na mtu aliyetia chumvi katika jambo tunalolijua hana haki ya kutudai tumwamini katika habari za kuzimu.

Kipimo cha pili kiko mikononi mwa kila mwenye Biblia. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinitumia video ambayo mhubiri alisoma Yeremia 29:11, ule mstari wa mawazo ya amani wala si ya mabaya, kisha akatangaza kwamba kabla ya mwisho wa mwezi milango ingefunguka kwa kila atakayepanda mbegu, yaani atakayetuma sadaka ya fedha, kwa namba iliyokuwa ikipita chini ya kioo. Nilimwomba tusome pamoja kuanzia mstari wa kwanza. Ni barua iliyopelekwa kwa mateka waliokuwa Babeli, na mstari wa 5 unawaambia wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko ugenini. Mstari wa 8 unawaonya wasidanganywe na manabii walio kati yao, na wa 10, unaotangulia ule unaopendwa, unasema kwamba watarudishwa baada ya miaka 70. Wengi waliousikia ujumbe huo wangekufa bila kuiona Yerusalemu tena. Tuliporudi nyuma sura moja tukamkuta nabii wa uongo Hanania, ambaye alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akaahidi kwa jina la Bwana kwamba mateka wangerudi ndani ya miaka miwili, na akaivunja nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia kama ishara ya utawala wa Babeli. Kwa macho ya watu, Hanania ndiye aliyekuwa na ujumbe wa kutia moyo. Mama yule aliifunga Biblia akasema, “Kumbe huyu wa kwenye simu ni Hanania,” na sikuwa na la kuongeza.

Maneno mengine yanayonisumbua ni haya: “Kama umekutana na video hii, si kwa bahati, Mungu amekuchagua.” Programu za video kwenye simu hutuletea mfano wa kile tulichokitazama hadi mwisho jana na juzi, na aliyeandamwa na video za laana za ukoo ajue kwamba simu yake imejifunza hofu yake. Siku hizi tena sauti na sura ya mtu huweza kutengenezwa kwa akili mnemba, kwa hiyo hata askofu unayemfahamu akionekana anaomba fedha, pigia simu ofisi yake kwanza.

Huwa nauliza pia ni nani awezaye kumwita mhubiri huyo na kumhoji. Padri wetu ana askofu juu yake, na askofu ana sinodi, yaani baraza la kanisa. Hilo peke yake halifanyi mahubiri kuwa ya kweli, kwani hata mimbarani nimesikia mambo ya kukosoa. Ila watu wa Beroya, katika Matendo 17:11, walimhakiki hata Paulo kwa Maandiko kila siku na wakasifiwa, kwa hiyo mhubiri anayefunga maoni chini ya video zake na kutishia laana wanaomhoji amekwisha kujieleza.

Limebaki la mihadhara ya kuwakejeli Waislamu, ambayo husambazwa sana kwa jina la kutetea imani. Barua ileile ya Yeremia, mstari wa 7, inasema “kautakieni amani mji ule”, na huko mateka waliishi kati ya watu wasioabudu kama wao. Video za namna hiyo sizipeleki kwa mtu, na anayenitumia humuuliza kama anaweza kuicheza kwa sauti barazani, jirani yake akiwa amekaa naye.